Nishushe Kona kwa Mkono wa Kushoto

Wa kwanza kuutambua ule wimbo alikuwa Bi Earline wa nyumba ya pili, na hata yeye aliutambua kwa kuukataa.

"Haiwezekani," alisema, kikombe chake cha barafu ya sharubati kikisimama njiani kabla ya kufika mdomoni. "Tilly, mwanangu, hebu niambie masikio yangu yameoza. Huyo babu yako anapiga wimbo wa yule kasichana?"

"Kasichana gani?"

"Yule wa redioni, mwenye nywele za buluu. *Nishushe kona, nishushe kona.* Wajukuu wangu wananiua nao tangu Pasaka."

Tulikuwa barazani, mlango wa mbele uko wazi nyuma yetu ili upepo upite, kama upo. Ndani, babu yangu Numa Sarpy alikuwa kwenye piano. Tulinyamaza tukasikiliza. Mzee Ferdie Roche, fundi lipu mstaafu ambaye hakuna wimbo uliowahi kupigwa hapa kwetu Kata ya Saba asiodai kuujua, alifumba macho na kuinamisha kichwa.

"Huo ni wimbo wa zamani," akatoa hukumu. "Nimeucheza mimi na marehemu mke wangu."

"Ferdie, kwako kila wimbo ni ule uliocheza na marehemu."

"Basi alikuwa mchezaji. Nifanyeje?"

Mimi sikusikia wimbo wa redioni wala wa zamani. Nilisikia sauti nzito zikitembea chini kabisa, taratibu, kama mtu mnene anayepanda ngazi akiwa na siri, na juu yake vidole viwili vikidondosha noti moja hapa, moja pale. Kisha Bi Earline akaanza kuimba kwa sauti ndogo, akiyapachika yale maneno ya kitoto juu ya ule mwendo, na nikauona wimbo ukijitokeza. Ulikuwa ndani muda wote. Ulikuwa umevaa nguo za mtu mwingine tu.

Kiharusi kilimpata Babu wakati wa Kwaresima. Kililegeza mkono wake wa kulia na kikamchukulia maneno yote isipokuwa moja: Jumanne. Ukimuuliza kama anataka kahawa, Jumanne. Ukimkanyaga kidole, Jumanne! Ukimwambia unampenda, anakutazama hadi machozi yanamlengalenga, na anakwambia polepole, Jumanne. Daktari alitueleza kwamba hutokea hivyo, na akatuonya tusiuamini hata mtikiso wa kichwa chake, kwa sababu anaweza kukubali kwa kichwa kumbe moyoni anakataa. Lakini muziki ulibaki mzima. Mkono wake wa kushoto, ambao miaka yote ulibeba mizigo huku wa kulia ukicheza, sasa ndio ulioimba.

Nilikuwa nimehitimu Mei hiyo hiyo, shahada ya fasihi kutoka chuo kikuu huko Baton Rouge, na nilirudi nyumbani kumtunza. Yeye na marehemu mkewe, Bibi Odile, ndio walionilea. Sikuona kwamba najitolea chochote. Nilimpikia maharage mekundu Jumatatu, nilimnyoa, nilimfunga vifungo vya shati, na alasiri nilikaa barazani na majirani tukimsikiliza. Nilikuwa na furaha, isipokuwa jambo moja lilininyima usingizi.

Jumamosi ile Shangazi Verlene, dada wa marehemu baba yangu, alikuwa anakuja kutoka Houston kumchukua Babu akaishi naye moja kwa moja.

"Msimu wa vimbunga umeanza," aliniambia kwenye simu. "Wakitangaza watu wahame, utambeba mgongoni?"

"Nitatafuta gari."

"Utatafuta gari. Tilly, mpenzi, wakati wa yale mafuriko makubwa sote tulitafuta gari."

Nilitaka kitu kimoja tu, na kilionekana kidogo: Babu asihamishwe kama kabati. Akitaka kwenda, aende. Akitaka kubaki, nitabaki naye, mvua inyeshe hadi ichoke. Ila aamue yeye. Na huyo wa kuamua alikuwa na neno moja.

Ndiyo maana Bi Earline aliposema *nishushe kona*, moyo wangu uliruka.

Babu alikuwa amefundisha piano karibu nusu ya watoto wa mtaa wetu, na sheria yake ya kwanza ilijulikana na kila mtu: huruhusiwi kugusa wimbo kabla hujayajua maneno yake. Hata kama hakuna atakayeimba. Uliketi, mikono mapajani, ukayasema maneno yote kama unasali. "Vidole havina uongo," alikuwa akituambia, "lakini havijui kusoma. Visomee." Alikuwa akisikia mtu anapiga wimbo wa mapenzi bila kujua nani amemwacha nani, anatoka nje kuvuta hewa.

Basi kama anapiga wimbo huu, anayajua maneno yake. Na maneno ni haya, kwa wasiokuwa na wajukuu wa kuwasumbua:

*Nishushe kona, usinifikishe,*
*taa ya mama inawaka barazani;*
*nishushe kona, njia naijua,*
*nitakwenda kwa miguu hadi nyumbani.*

"Mnaona?" niliwaambia, nimesimama bila kujua nimesimama. "Nyumbani! Njia naijua! Anasema haendi Houston. Anataka ashushwe, abaki nyumbani kwake."

Mzee Ferdie alijikuna kidevu. "Au anasema anataka kushuka. Yuko ndani ya gari, si ndiyo? Anayeomba kushushwa amekwisha kuondoka."

"Mzee Ferdie, tafadhali."

"Nasema tu. Mimi si msomi."

"Huyo kasichana anadanganya mama yake," akasema Bi Earline. "Wimbo wote ni wa uongo. Hataki mama amwone huyo mvulana. Sasa Numa anamficha mvulana gani?"

Walicheka hadi Mzee Ferdie akakohoa. Mimi sikucheka. Niliingia ndani.

Babu alikuwa amemaliza, mkono wa kushoto umelala juu ya funguo kama paka. Ile piano aliipata kanisani, kanisa lilipofungwa baada ya mafuriko, na ina funguo tatu zisizosema kitu na moja inayosema vitu viwili. Niliketi kando yake, nikautafuta wimbo kwenye simu yangu, nikamsikilizisha. Msichana akaanza kuimba, na ile ngoma yake ya mashine, tap, tap, tap. Babu akasikiliza kwa heshima aliyompa mtu yeyote anayefanya kazi. Mahali fulani, baada ya ubeti wa pili, wimbo unapopanda kidogo kabla ya kurudi, alicheka. Akanigusa goti ili nami nisikie. Nilirudisha nyuma pale pale. Akacheka tena.

"Ni hapo, Babu? *Usiku umenipita, sijauaga vizuri?* Hayo maneno?"

"Jumanne," alisema kwa furaha, akaizima simu kwa kidole gumba, akageukia piano.

Alipiga pale mahali palipomchekesha. Akapapiga tena, akabadilisha sauti moja ya chini, na nuru ya chumba ikawa kama imehama. Akabadilisha nyingine. Ningependa niseme nilitulia nikafurahia, kwa sababu ilikuwa ni kama kumwona mtu akigeuza jiwe dogo mkononi na kila upande una rangi yake. Lakini mimi nilikuwa nayasema maneno kichwani, nikitafuta ni lipi alilolikazia.

Jioni hiyo nilimpigia shangazi.

"Amesema hataki kwenda."

"Amesema?"

"Amepiga."

"Amepiga nini?"

"*Nishushe Kona.*"

Nilisikia kijiko kikiwekwa mezani huko Houston. "Tilly," akasema kwa upole ulionitia aibu kuliko ukali, "mwanangu, umekula leo?"

*

Kesho yake asubuhi Babu hakuugusa ule wimbo. Alipiga mwingine, na huu niliutambua kabla hajafika mbali, kwa kuwa alinifundisha mwenyewe: *Nishikie Dirisha*, wimbo wa zamani wa dansi ambao wazee wa mtaani wanaupenda kupita kiasi. Mtu yuko kituo cha basi. Anamwambia rafiki yake amshikie kiti cha dirishani maana hatarudi tena mji huu, kahawa yake ni chungu na kitanda chake ni baridi.

Nilisimama jikoni na mwiko mkononi. Hatarudi tena mji huu. Kwa hiyo anataka kwenda?

Lakini aliupiga kwa mwendo wa kulala, mwendo wa kumbembeleza mtoto. Na kahawa yangu alikuwa amekunywa vikombe viwili. Je, alikuwa anaukejeli? Babu alizoea kukejeli wimbo. Kuna mara alipiga arusini wimbo wa furaha kwa namna ambayo bibi harusi alilia, na bwana harusi hakumsamehe. Nilitoka nje kwenda kuuliza.

"Leo anasema anakwenda," niliwaambia majirani. "Ila anasema kama hataki."

Bi Earline alikuwa anamenya kamba wa matopeni juu ya gazeti. "Mwanangu, kaa chini. Utaanguka."

"Bi Earline, ni kesho! Shangazi anafika kesho."

"Sikia," akasema Mzee Ferdie, na kwa mara ya kwanza hakuwa anatania. "Nimemsikiliza Numa tangu nikiwa na nywele. Kuna usiku alipiga wimbo mmoja saa nzima, tukaja kumuuliza, Numa, una huzuni gani? Akasema hana huzuni, kuna ufunguo unaonata."

"Kwa hiyo hamaanishi kitu?"

"Sijasema hivyo."

"Basi unasema nini, mzee wangu?"

Alifungua mdomo, akaufunga, akamtazama Bi Earline, ambaye alimtazama kamba.

"Sijui ninasema nini," Mzee Ferdie alikiri. "Nilijua nilipoanza."

Mchana nilijaribu njia nyingine. Nilichukua picha ya nyumba ya shangazi, yenye nyasi zilizokatwa na banda la magari mawili, na picha ya nyumba yetu hii ya rangi ya limau iliyobanduka, nikaziweka mbele ya Babu mezani. "Gusa moja," nilimwomba. "Moja tu. Unataka kuishi wapi?"

Alizitazama kwa makini. Alizichukua zote mbili, akaenda nazo kwenye piano akiburuta mguu, akazisimamisha bega kwa bega pale karatasi za muziki zinapowekwa. Kisha akaketi akizitazama kama mtu anayesoma noti, akaanza kupiga. Na alichopiga, naapa, kilikuwa nyimbo zote mbili. Mkono wa kushoto ulianza na yule msichana anayetaka kushushwa kona, na katikati ya njia akageuka kuwa yule mtu wa kituo cha basi, na sikuona mshono. Vile vidole viwili vya kulia vilidondosha kitu ambacho hakikuwa cha wimbo wowote kati ya hizo.

Alipomaliza aligeuka kunitazama, uso umemng'aa, akisubiri niseme kitu.

Nilimwambia amepiga vizuri. Alikuwa amepiga vizuri. Kisha nikaenda bafuni nikafungua bomba ili asinisikie nikilia, maana sikujua nishike lipi niache lipi.

*

Shangazi Verlene alifika Jumamosi kabla ya chakula cha mchana, na sufuria la gumbo, ule mchuzi mzito wa bamia, limefungwa mkanda kwenye kiti cha nyuma kama abiria. Ni mwanamke mrefu, mwuguzi, anayekumbatia kama anayepima uzito wako. Alimbusu Babu kichwani, akamwita Baba, akamwambia amekonda. Alipangusa meza niliyokwisha kuipangusa.

Tulianza kugombana kabla bakuli hazijawa tupu.

"Huwezi kumchukua bila kujua anachotaka," nilisema.

"Na wewe unakijua?"

"Nilikijua Alhamisi."

"Ottilie." Aliniita jina zima. "Una miaka mingapi? Una shahada. Mwaka ujao utapata kazi Chicago au wapi, na utakwenda, na itakupasa kwenda. Halafu? Niwaachie Earline na Ferdie? Wao wenyewe wanashikana mikono kuvuka barabara."

"Tunasikia!" Bi Earline alipaza sauti kutoka barazani.

"Mimi namshika yeye," akaongeza Mzee Ferdie. "Mimi mwenyewe navuka vizuri."

Shangazi alipunguza sauti. "Nina chumba cha chini, hakina ngazi. Kuna kliniki ya viungo karibu. Unafikiri napenda kumtoa baba yangu kwenye nyumba aliyozaliwa? Nisaidie kuona ninakosea wapi, nami nitarudi peke yangu."

Sikuweza. Kila alichosema kilikuwa cha kweli, na nilichotaka mimi nacho kilikuwa cha kweli, na viwili hivyo viliketi mezani vikitazamana.

Babu alikuwa ameinuka bila sisi kumwona. Piano ikaanza. *Nishushe Kona*, polepole kuliko siku zote.

"Ni huo," nilimnong'oneza shangazi. "Sikiliza."

Alisikiliza, kijiko mkononi. Uso wake ukabadilika kidogo kidogo. "Huu ni wimbo wa mama," akasema.

"Hapana, ni wa yule msichana wa redioni."

"Tilly, namjua mama yangu. Aliuimba akipiga pasi. Baba alikuwa akiupiga ili amalize upesi waende kucheza." Machozi yalimshuka bila yeye kuyafuta. "Ananiambia nini? Ananiambia nimchukue au nimwache na mama yake hapa? Nimwache na mama, nataka kusema. Ona, nimechanganyikiwa na mimi."

Basi tukawa wawili. Nilitegemea akilia nitajisikia nimeshinda, lakini nilimshika mkono tu, tukasikiliza. Na sikuusikia wimbo wa redioni tena. Nilisikia pasi.

*

Baada ya chakula shangazi alitoa kinanda cha umeme kwenye gari, kwa haraka, kama anayeona haya. Alikinunua, alieleza, kwa kuwa piano isingeweza kusafiri. Alijua si kitu kimoja. Ndani hakikuwa na mahali pa kukaa, kwa hiyo tulikiweka barazani juu ya meza ya kupigia pasi, waya ukapita dirishani.

Mzee Ferdie alikitazama kama kiatu kilichookotwa. "Verlene, binti yangu, nakuheshimu. Lakini hicho ni cha kupigia watu wanaokula kwenye lifti."

"Hakuna anayekula kwenye lifti, Ferdie," alisema Bi Earline.

"Kwa sababu ya muziki wake."

Mimi ndani nilifarijika. Niliwaza: sasa ataona. Atakigusa mara moja, atakikunjia uso, na hata shangazi ataelewa.

Babu alikigusa. Sauti ilitoka laini, safi mno, kila ufunguo ukisema kitu kimoja. Alirudia ufunguo ule ambao kwenye piano yake ni bubu, na ukaita. Akanyanyua nyusi. Akaendelea kupapasa hadi kwenye vitufe vya juu, akabonyeza kimoja kwa bahati mbaya, na ngoma zikaanza.

Babu alirudi nyuma kama amemwagiwa maji. Tap, tap, tap, mashine ikaendelea bila kumjali. Alikiinamia kinanda, akatazama chini ya meza, akatutazama sisi mmoja mmoja kuona nani anapiga. Kisha akaelewa, na alicheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu Kwaresima, kicheko cha tumbo, hadi shangazi akamshika bega asianguke.

Akaweka mkono wa kushoto.

Mwanzoni alikwenda sawa na ngoma, hatua kwa hatua, kwa adabu. Ulikuwa ni ule wimbo wa kasichana, umenyooka kama ulivyo redioni, na Bi Earline akaanza kuuimba. Kisha Babu akachelewa. Kidogo tu. Ngoma ikampita, akaiacha iende, akaidaka mbele kidogo. Akachelewa zaidi. Ile mashine haikujua kusubiri wala kukasirika, na yeye akaanza kuichokoza: akijifanya kaanguka, akainuka mahali ambapo hakuna aliyemtegemea, akipita chini yake, akitokea upande wa pili. Kila alipoponea chupuchupu tulipiga kelele. "Atakosa! Atakosa sasa!" alipaza Mzee Ferdie, ameshika nguzo ya baraza. "Ah! Hakukosa! Shetani huyu!" Mtu aliyekuwa anapita na mbwa alisimama. Bi Earline alikuwa anacheza na kikapu cha nguo.

Nami nilikuwa nacheka, na nilishtuka kugundua kwamba sijui ni muda gani nimeacha kuyatafuta maneno. Sikujua anasema nini. Nilijua alipo. Alikuwa pale, katika kila pengo dogo kati ya ngoma na kidole, na nilimfuata pengo hadi pengo nikiwa nimebana pumzi.

Alicheza hadi shati likamlowa. Kisha akabonyeza kile kitufe, ngoma zikakata, na mtaa ukawa kimya ghafla.

Babu akachomoa waya mwenyewe. Akakibeba kinanda kifuani kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukikisaidia kwa kiwiko, akashuka ngazi moja baada ya nyingine huku sote tumenyoosha mikono bila kuthubutu kumgusa. Alikwenda moja kwa moja kwenye gari la shangazi. Mlango ulikuwa wazi tangu kushusha vitu. Akaketi kiti cha mbele na kinanda mapajani.

"Amechoshwa na jua," akasema Bi Earline hatimaye. "Kwenye gari kuna kivuli."

"Anakificha tusimwibie," alisema Mzee Ferdie, lakini sauti haikuwa na mzaha.

Shangazi alinigeukia. Macho yake yaliniuliza, na nilijua kwamba nikisema neno angelifuata, lolote. Nilitaka kusema amechoshwa na jua. Nilitaka sana. Nilishuka, nikachuchumaa kando ya mlango wa gari.

"Babu," nilisema. "Ukikaa hapa, hili gari litakwenda Houston. Unaelewa? Si matembezi. Unakwenda kuishi kwa shangazi. Mimi nitabaki hapa na nyumba. Nitakuja kukuona. Lakini wewe utakuwa kule."

Alinitazama muda mrefu. Macho yake yalikuwa yale yale, yamejaa, na nyuma yake kulikuwa na kila kitu na sikuweza kukifikia. Aliuinua mkono wake mzima akanigusa shavu. Halafu akaupeleka juu ya bega lake la kulia, akapapasa, akauvuta mkanda wa kiti. Akauvuta hadi ukapita juu ya kinanda, ukafika kiunoni, na pale akakwama, kwa kuwa pa kuuchomekea palikuwa chini na mkono mmoja hauwezi kushika viwili. Alijaribu. Alijaribu tena. Kisha akanipa mimi kile kipande cha chuma, mkononi mwangu, akasubiri.

Nilikishika. Kilikuwa cha moto kwa jua. Nilitegemea abadilishe uso, aniombe kwa macho nisikifunge, lakini alikuwa anatazama kioo cha mbele na vidole vyake vikipiga polepole juu ya funguo zisizo na umeme.

Nilikifunga. Kililia tak.

Shangazi Verlene alikuwa bado juu ya ngazi, mikono imeshika aproni yake. "Amesema nini?" akauliza. "Tilly, amesema nini?"

"Sijui, shangazi," nilimjibu, na nilianza kulia na kucheka kwa pamoja. "Amefunga mkanda."